TUSI HALISHINDI KESI, WALA HALILETI KURA

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, kata ya Ngokolo, Shinyanga Mjini. Walioshindwa kufika waliyaomba, nami nayaweka kama nilivyoyasema.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie sheria. Sheria itakuja. Ila naomba nianze na midomo yetu.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa pale Ngokolo Mitumbani tunaandikisha wanachama. Mama mmoja muuza mchele alinisikiliza vizuri sana. Tukaongea ushuru, tukaongea mtaro unaojaa kila mvua ikinyesha. Akauliza kadi ni shilingi ngapi. Alikuwa anafungua pindo la khanga atoe hela, mara akapita mtu wa upande wa pili, akatutania. Kijana wetu mmoja akamjibu kwa tusi la mama yake, kwa sauti, sokoni. Yule mama akafunga pindo lake. Akaniambia: "Mwanangu, mliyosema ni ya kweli. Ila nina binti wa miaka kumi na saba, siwezi kumleta kwenye hayo."

Basi. Kadi haikutoka.

Na nisijifanye mtakatifu hapa. Aliyetukana siku ile si mimi, lakini angeweza kuwa mimi. Nimekulia jirani na machimbo, makarasha yanasaga mawe usiku na mchana, na watu wanaitana kwa matusi kama wewe unavyosema "habari za leo". Nikaenda nayo mpaka chuo. Siku moja kwenye mahakama ya mazoezi nilikosea hoja, nikajitukana kwa sauti ya chini. Kumbe kipaza sauti kiko wazi! Mwalimu wangu alisema jambo moja tu: "Ulikuwa na hoja tatu nzuri. Hakuna atakayekumbuka hata moja."

Sasa tuje kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, inasema kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani ni kosa. Hiyo ni ya mtaani. Mtandaoni ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 23 kinamhusu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2016 kijana mmoja Arusha alihukumiwa kulipa faini ya milioni 7 au kwenda jela miaka 3 kwa maneno aliyomwandikia Rais Facebook. Milioni 7, jamani! Hebu pigeni hesabu, hiyo ingelisha mawakala wangapi siku ya kura?

Najua mnachotaka kusema. Kwamba hizi sheria zinatumika kutufunga midomo. Ni kweli, na mimi nazipinga. Mwaka huohuo wa 2016 Tundu Lissu alishtakiwa kwa uchochezi kwa kusema "dikteta uchwara". Lile halikuwa tusi, lilikuwa hukumu ya kisiasa juu ya utawala, na Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa kutoa maoni. Mwaka 2017 Halima Mdee naye alipelekwa Kisutu akidaiwa kumtolea Rais lugha ya matusi. Kwa hiyo wenye madaraka wakitaka kuliita neno lako tusi, wataliita. Ndiyo maana nasema tusiwarahisishie kazi! Ukisema jambo zito kwa maneno safi, wakikukamata, wananchi wanaona wazi kwamba umekamatwa kwa ajili ya ukweli. Ukichanganya na tusi, kesho kutwa mjadala ni tusi lako, na ule mtaro hakuna anayeuuliza tena.

Wapo wanaosema tusi ni silaha ya mnyonge, wananitajia Stella Nyanzi wa Uganda. Dada yule namheshimu. Alifungwa mwaka 2019 kwa shairi lililomtukana Rais Museveni, na Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Lakini yeye alikaa, akapima, akachagua neno lake akijua bei yake. Sisi tunatukana hata tairi la bodaboda likipata pancha. Hayo si mapambano. Ni mazoea tu.

Tena sisi huku Usukumani hatuna haja ya kufundishwa kushindana kwa maneno. Waulizeni wazee waliokaa hapa kuhusu Bagika na Bagalu. Makundi mawili ya ngoma, uwanja mmoja, siku moja, kila kundi na manju wake. Walikejeliana kwelikweli! Lakini mshindi alikuwa nani? Aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Huo ndio uchaguzi, ndugu zangu. Kejeli iliyotungwa vizuri inavuta watu. Tusi la mama linawafanya wafunge pindo la khanga.

Halafu kuna hili, nalisema kama binti. Hesabuni matusi mnayoyajua. Mengi yametengenezwa kwa mwili wa mama au kwa tabia ya dada. Mwanamke akigombea udiwani, la kwanza kurushiwa ni hilo, na mara nyingine linatoka kwenye magrupu yetu wenyewe ya WhatsApp. Halafu tunakaa vikao kujiuliza kwa nini akina dada hawajitokezi.

Nimeachaje? Bado naacha, sijamaliza. Kwanza nilihesabu. Siku moja nzima, kila tusi nikachora mstari nyuma ya daftari. Nilifika 31, nikaona aibu. Pili, nikatambua yanatoka saa ngapi: nikiwa na njaa, na nikiwa na wenzangu ninaotaka wanione mkali. Tatu, nikamwomba rafiki yangu anitoze shilingi 200 kwa kila moja. Mwanafunzi na shilingi 200 mnajua wenyewe! Nne, na hili ndilo limenisaidia zaidi, nikajilazimisha kutaja kitu chenyewe. Badala ya "mshenzi yule", nasema amefanya nini, lini, kwa shilingi ngapi. Ripoti ya CAG haimtukani mtu yeyote, lakini ikisomwa bungeni angalia nani anatokwa jasho.

Kwa hiyo naomba tukubaliane leo. Hapa katani tuweke kopo. Atakayetukana kikaoni, mtaani akiwa na fulana ya chama, au kwenye grupu, atoe shilingi 200, hela iende kwa maji ya mawakala. Naanza mimi, kwa sababu njiani kuja hapa bajaji ilinimwagia tope. Hii hapa 200.

Na Jumamosi narudi kwa yule mama wa mchele. Nataka kwenda na yule kijana wetu, aombe radhi mwenyewe. Amekubali. Kadi akinunua au asinunue, tutakuwa tumeanza.