Chanjo ya Mbwa wa Kijijini



Wahitimu wa uuguzi na utabibu, hongereni sana. Leo nawaongezea kazi ambayo haimo kwenye mtaala wenu: kumlinda mbwa mwitu.

Msishangae. Mwaka 1991 makundi ya mwisho ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti Serengeti yalitoweka, baada ya kichaa cha mbwa kuyaingia. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, ikaua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wetu wa kufugwa, wasiochanjwa, ndio wanaoshukiwa kuupeleka porini. Mwaka 2012 ndipo Tanzania ilipoanza kuwarudisha Serengeti mbwa mwitu kutoka Loliondo. Afrika nzima inakadiriwa kubaki na 6,600 hivi, na ngome yao mojawapo kubwa ni kusini mwa nchi yetu, katika hifadhi za Nyerere na Ruaha.

Tena hawauawi na maradhi tu. Hunaswa na mitego ya waya iliyotegwa kwa ajili ya swala. Kisha kuna moto. Kiangazi mfugaji huchoma nyasi apate malisho mabichi, mrina asali naye huacha kijinga kikifuka. Huko kusini, kiangazi ndicho msimu wa mbwa mwitu kuzaa. Watoto hukaa shimoni miezi kama mitatu. Moto ukifika hawana mbio za kuukimbia. Nasi hapa Muleba tunaujua moto wa rweya, mbuga zetu za nyasi, na Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, ni jirani yetu.

Sasa, akiletwa mtoto aliyeng'atwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeni chanjo bila kuchelewa, kwani dalili zikishaanza, kichaa cha mbwa hakina tiba. Lakini msiishie hapo. Ulizeni mbwa ni wa nani na kama amechanjwa, kisha mpigieni simu ofisa mifugo siku hiyohiyo. Mbwa mmoja akichanjwa, husalimika mtoto wa kijijini na mnyama wa porini pia. Na kwenye mikutano ya kijiji, msiwaachie maofisa misitu peke yao hoja ya moto. Moshi wake mtaukuta vifuani mwa wagonjwa wenu.

Nendeni mkatibu watu, na mkakinge kabla ya kutibu.