Mkunga Mwanafunzi Apewe Mlezi Mmoja



Mnamo mwezi wa Mei mwaka 2006 Serikali ya Burundi ilitangaza kwamba kina mama watajifungua bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya umma. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto 60 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya; ule wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha watoto 84. Hata hivyo, uchunguzi huo wa pili ulikadiria kwamba kina mama 334 walifariki kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mama amekwisha kufika mlangoni. Sasa yatupasa kuitazama mikono inayompokea.

Darasani mwanafunzi wa ukunga hufundishwa kwamba wakati wa uchungu moyo wa mtoto usikilizwe angalau kila nusu saa, kwamba mama apigwe sindano ya oksitosini yuniti 10 mara tu mtoto anapozaliwa, na kwamba mtoto asiyepumua asaidiwe kabla dakika moja haijapita. Hayo yaweza kuandikwa ubaoni. Lakini kuutambua kwa mkono mfuko wa uzazi uliolegea, na kutenda kwa utulivu damu inapomwagika, hufundishwa kando ya kitanda, na mtu aliyekwisha kuyatenda mara nyingi.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayefanya mazoezi Gitega kwa majuma kadhaa, kisha akapelekwa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Iwapo leo atawekwa chini ya mkunga huyu na kesho chini ya yule, kila mmoja atadhani mwenzake amekwisha kumfundisha. Mmoja atamkataza lile aliloagizwa na mwingine. Naye atajizoeza kunyamaza. Siku ya kukabidhiwa cheti, hapatakuwa na mtu awezaye kusema kwa hakika kwamba amewahi kuzuia damu kwa mikono yake mwenyewe. Mama wa kwanza atakayeletwa akitokwa na damu ndiye atakayekuwa mtihani wake.

Ninyi askari mnalielewa jambo hili. Kuruta hakabidhiwi mkufunzi mpya kila alfajiri. Mkufunzi wake anajua nani hufumba macho kabla ya kufyatua, na nani husahau kukagua silaha. Wala hampeleki kwenye shabaha kwa risasi za moto mpaka ameridhika naye.

Wapo watakaosema kwamba wakunga ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Mkunga aliye peke yake katika zamu ya usiku hawezi kubebeshwa wanafunzi kumi, kisha akalipwa neno la shukrani. Kwa hiyo ulezi uandikwe katika orodha ya zamu kama kazi kamili. Mlezi afundishwe namna ya kufundisha, apewe wanafunzi wachache, nao wapangiwe zamu zile zile zake. Mwanafunzi akihama kutoka Gitega kwenda Muyinga, aende na daftari lenye sahihi ya mlezi wake, likionyesha aliyoyatazama, aliyoyatenda akisimamiwa, na yale awezayo kutenda peke yake. Mlezi wa pili aanzie pale alipoishia wa kwanza. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Ndugu askari, wengi wenu mnalinda mahali palipo mbali na nyumba zenu. Mke atakaposhikwa na uchungu usiku wa manane, huenda msiwepo. Atakayekuwapo ni mkunga, pengine aliyemaliza masomo mwaka huu huu. Mkunga huyo yumo wodini leo, naye anastahili mlezi anayemjua.