Maktaba Moja ya Msimbo, Hesabu Moja ya Chanjo



Takwimu za vitabu vya MTUHA, za Hospitali ya Somanda zikiwemo, huingizwa katika DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mtaalamu anayeuundia programu ya wavuti hana haja ya kutunga upya namna ya kuomba na kutuma takwimu. Ipo maktaba ya msimbo, App Runtime, ifanyayo kazi hiyo. Kila ukurasa ukijitungia njia yake, mmoja huonesha hesabu ya leo, mwingine nakala ya juzi. Dozi zikaagizwa pungufu, mama atarudi kijijini na mtoto asiyechanjwa. Tarakimu iliyokosewa rejistani, hata hivyo, maktaba huibeba vilevile. Hiyo husahihishwa kituoni, kabla ya kutumwa.