"Dada, uko hakika?": APS wa Bunia wafundishwe kutunza TOC

Neno lililosemwa mbele ya vijana wa harakati, Bunia

  Najua wengine mumetoka Mudzipela kwa miguu, na mvua ilikuwa haichezi. Sitawakawisha.

Wengi munanijua kwa maandamano na kwa salongo. Wachache wanajua kama kazi yangu ya kila siku ni APS, yaani ninasikiliza watu walioumia moyoni: mama aliyekimbia Djugu, msichana aliyebakwa, kijana asiyelala. Leo sikuje kulaumu serikali kwanza. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, serikali itafuata.

Kulikuwa motari mmoja. Ameniruhusu niseme habari yake, na nimebadilisha vitu fulani ili asijulikane. Kijana mzuri, hanywi, anaendesha kwa heshima. Siku moja moto yake ikaruka kwenye shimo, na wazo likamwingia: "Labda ile haikukuwa shimo. Labda niligonga mutoto." Akarudi kuangalia. Hakukuwa kitu. Akaendesha mita mia, wazo likarudi: "Labda mutoto aliangukia mu mufereji." Akarudi tena. Ndani ya miezi mitatu, safari ya dakika kumi ilikuwa inamchukua saa moja na nusu. Wateja wakamkimbia, mwenye moto akadai pesa yake ya kila siku. Alipita kwenye kituo kimoja cha afya, wakampa diazepamu. Akalala vizuri, akaamka na wazo lake lilelile.

Njo akakuja kwangu. Nilifanya kile nilichofundishwa: nilimsikiliza, nikamfariji. "Kaka yangu, haukugonga mtu. Ungegonga, watu wangepiga kelele, wangekufuata." Uso wake ukafunguka, akaenda akicheka. Nami nikafurahi. Kesho yake akarudi. Nikampa namba yangu ya simu. Kufika juma la pili alikuwa ananipigia mara 20 kwa siku, hata usiku wa manane, paka swali moja: "Dada, uko hakika?" Nilikuwa najibu, "Niko hakika." Na nilikuwa najisifu moyoni: tazama namna huyu ananiamini! Mwezi uliofuata aliacha moto kabisa, akajifungia nyumbani. Simu zikazidi.

Nasema haya juu najua APS wengi wa mji huu wanafanya vilevile paka leo, na wanafanya kwa moyo mwema. Jibu langu lilikuwa dawa ya dakika tano. Hofu inapanda, anapiga simu, hofu inashuka. Akili yake inajifunza kama bila ile simu hofu haiwezi kushuka. Mimi, mfariji, nilikuwa nimekwisha kuingia ndani ya ugonjwa wake.

Ugonjwa huo waganga wanauita TOC kwa Kifaransa. Uko na pande mbili. Kuna wazo linaloingia bila kualikwa na kuogopesha, halafu kuna tendo ambalo mtu anajisikia kulazimishwa kulifanya ili hofu ipungue: kunawa, kurudi kuangalia, kuhesabu, kurudilia sala moja kwa mpangilio uleule, kuuliza. Kila mmoja wetu hapa ameshapata wazo la kijinga. Umebeba mtoto mchanga, unawaza, "Nikimwangusha?" Linapita, unaendelea. Kwa mwenye TOC halipiti, juu yeye analipa uzito: kama nimewaza, basi naweza kutenda, na nisipozuia, kosa ni langu. Siyo wazimu. Mara mingi yeye mwenyewe anajua kama anapita kipimo, ndiyo maana anaficha.

Na Bunia ni mji wa kufichia ugonjwa huu vizuri sana. Mukumbuke Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 paka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua huku kwetu mashariki, 2,287 wakafa. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye robine na maji ya klore, na kabla Ebola haijaisha Covid ikafika. Katika miaka ile, nani angemwona mtu anayenawa paka ngozi inapasuka? Tulikuwa tunamsifu, tunamwita mfano wa kartie. Na kufuli je? Tuko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021, na milio ya risasi tunaijua. Mama anayeamka mara kumi kuangalia mlango, utamwambia ni mgonjwa? Mimi naangalia mara mbili, na hiyo ni akili. Hapa ndipo mtunzaji asiyefundishwa anapopotea. Anauliza, "Hatari ipo ao haipo?" Kumbe swali ni lingine: "Ukisha kuangalia, unaamini macho yako?" Mama wa kawaida anaona kufuli limefungwa, analala. Mwenye TOC analiona, analishika, anarudi kitandani, na haamini kama aliliona.

Kuna wengine wanaopata mawazo ya kumtukana Mungu katikati ya ibada. Hao tunawapeleka kwenye chumba cha maombi. Sipigani na wachungaji, mimi pia nasali. Lakini ukimfungisha mtu siku tatu na kukemea lile wazo kila usiku, unamfundisha kama wazo lenyewe ni hatari, na hofu yake inaota mizizi.

Sasa matunzo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika juu ya wagonjwa wawili ambao watu walikuwa wamekata tamaa juu yao. Alifanya kitu kilichoonekana kigumu: mgonjwa anakaribia kile anachoogopa, na anasaidiwa asifanye lile tendo lake la kutuliza. Hofu inapanda, halafu inashuka yenyewe. Baadaye wengine wakaongeza kazi ya kupima mawazo: unaamini nini hasa, na tunaweza kujaribu namna gani kama ni kweli? Pande hizi mbili ndizo matunzo ninayowaambia leo, na hadi sasa ni kati ya yale yanayosaidia zaidi.

Mimi sikuyapata kwenye ateliye. Niliyapata kwa mwanasaikolojia mmoja wa mji mwingine, kwa WhatsApp, saa moja kila juma, konekisyo ikikatika kila mara. Kabla ya kuniruhusu nimguse mgonjwa, alinipa zoezi mimi mwenyewe. "Andika kwenye karatasi: leo mama yangu atagongwa na gari. Weka mfukoni. Usifute, usikemee, usimpigie mama simu paka jioni." Wandugu, nilitoka jasho. Mimi niliyesoma, ninayejua kama karatasi haigongi mtu! Siku ile ndipo nilimwelewa yule motari.

Tulianza naye chini kabisa. Tuliandika vitu anavyoogopa, kila kimoja na kipimo chake, toka 0 paka 100. Kupita shimo moja asubuhi bila watu: 30. Kupita karibu na masomo watoto wakitoka: 90. Tulianza na lile la 30. Nilisimama kando ya barabara. Yeye akapita shimo, asigeuke. Alikuwa ametabiri kama hofu itamshika siku nzima na moto itamshinda. Tuliangalia saa. Dakika 40, hofu ikawa imeshuka karibu nusu, na hakuna mtu aliyemwambia kama yuko salama. Tulirudilia kesho yake, na kesho yake.

Kwangu kigumu kilikuwa simu. Tulipatana pamoja, siyo kwa ghafla, kama akiuliza "uko hakika?" nitajibu: "Sijui. Hilo ni swali lako ao ni la TOC?" Kumnyima mtu anayelia neno moja la faraja, mutu wenu mwenyewe, ni kinyume na yote tuliyofundishwa kama APS, na kinyume na malezi yetu. Ile juma la kwanza nililia mimi. Kufika juma la 14 alikuwa amerudi kwenye parking ya moto. Hajapona kabisa. Kuna siku anageuka mara moja. Lakini ameanza kumlipa mwenye moto deni lake.

Mutauliza: inawezekana kufundisha watu wasio na diploma kubwa? Musiende mbali, muangalie Kivu ya Kusini. Watafiti wa Johns Hopkins na shirika la IRC walifundisha APS wa Kongo, wanawake waliosoma angalau miaka minne nyuma ya primer, matunzo ya mawazo kwa wanawake waliobakwa. Mafunzo yalikuwa juma mbili, na baada ya hapo walifuatwa na wasimamizi. Mazoezi yalifanywa mepesi ili hata mama asiyejua kusoma ayashike kichwani. Wanawake 157 katika vijiji 7 walipata matunzo hayo kwa kikundi. 248 katika vijiji 8 walipata msaada wa kawaida, mtu kwa mtu. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Miezi sita nyuma ya matunzo, waliobaki na dalili za huzuni kali ao wasiwasi mkali walikuwa 9 kwa mia katika kikundi cha kwanza, na 42 kwa mia katika cha pili. Nisiwadanganye: ile ilikuwa kwa majeraha ya ubakaji, siyo kwa TOC. Lakini inajibu wale wanaosema APS wetu hawawezi kushika kazi ya namna hii.

Basi kwa nini hawaishiki? Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2016, kinachotumiwa kufundisha waganga wa vituo vya afya, kiko na sura ya huzuni kali, ya kifafa, ya pombe na madawa ya kulevya, ya kutaka kujiua. Sura ya TOC hakuna. Na shirika hilohilo, kwenye orodha yake ya dawa za lazima, limeandika klomipramini kwa ajili ya ugonjwa huu! Dawa iko kwenye orodha, lakini muganga hajafundishwa kumtambua mgonjwa wa kumpa.

Kwa hiyo barua yetu kwa wakubwa wa afya wa jimbo, kwa vyuo vya uganga vya hapa na kwa mashirika, haiombi ateliye nyingine ya siku tatu yenye banderole, picha na perdiem. Inaomba kikundi kidogo, hata watu kumi, APS na waganga wa vituo. Wafundishwe juma mbili, wajifanyie mazoezi wao wenyewe kwanza, halafu wafuatwe miezi sita na msimamizi anayelipwa, kila juma, kwa wagonjwa wa kweli. Mazoezi yaandikwe kwa Kiswahili chetu, na yasemwe kwa Kilendu, Kihema, Kialur, juu hofu ya usiku haisemi Kifaransa. Na APS walipwe kwa wakati. Hiyo ya mwisho niliongeza mwenyewe, munisamehe.

Kama uko na ndugu nyumbani anayekuuliza swali moja mara 20, usimchekelee, na usimkatie jibu kwa ghafla leo jioni. Kaa naye wakati ametulia, mwambie umesikia kuna ugonjwa wa namna hii na kuna matunzo, mupatane naye kidogo kidogo, kesho jibu moja pungufu. Ukiona anasema hataki kuishi tena, usingoje, mpeleke hospitali siku ileile.

Barua iko hapa mezani. Someni kwanza, halafu mutie saini. Kalamu ziko mbili tu, mupitishiane.