Homa ya Ini Haiishii Kwenye Ini
(Mazungumzo na akina mama na wavuvi, ufuo wa Dunga, Kisumu)



Mtoto akiamka uso umevimba na mkojo una povu, wengine husema ni chira, wengine kichocho. Lakini yaweza kuwa figo, na chanzo chaweza kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kwa vipi? Virusi hivi hukaa kwenye ini, ila husafiri na damu. Kinga ya mwili huvishika, kisha vyote hunasa kwenye chujio la figo. Nyinyi wavuvi mwajua: wavu wa omena ukijaa gugu maji huchanika, omena wakatoka. Ndivyo protini hutoka na mkojo, mwili ukavimba. Wengine huumwa viungo au hutoka vipele.

Hauambukizwi kwa kula sahani moja. Ni kwa damu, wembe wa kushirikiana, kujamiiana, na mama kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Tangu 2001 chanjo hii imo katika chanjo za watoto Kenya: wiki ya 6, 10 na 14. Usiruke hata moja. Mama mjamzito, omba upimwe. Na mtoto akivimba, hospitali kwanza, mkojo na damu vipimwe.