Cheti Kinachovuka Mpaka



Nimefundisha uhandisi mitambo kwa miaka mingi, na jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni mashine zilizofunikwa turubai. Nimeziona katika karakana za nchi zaidi ya moja. Nchi moja inanunua mashine ya kupimia uimara wa vyuma, jirani naye ananunua, wa tatu anakopa asije akaachwa nyuma. Miaka michache baadaye zote tatu zimelala, maana hakuna aliyefundishwa kuzitengeneza. Vijana wetu wanamaliza kozi wakiwa wameiona mashine kwenye mchoro tu. Hilo linaniuma.

Wazee wetu waliwahi kutafuta njia nyingine. Mwaka 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa Mwalimu Nyerere. Ndani yake Makerere, kule Kampala, ilishika udaktari na kilimo, Nairobi uhandisi na tiba ya mifugo, Dar es Salaam sheria. Kijana wa Songea aliyetaka kujenga madaraja alifunga safari hadi Nairobi. Wa Nyeri aliyetaka udaktari alikwenda Kampala. Alirudi na shahada, na alirudi pia na marafiki ambao baadaye angekutana nao kwenye meza za serikali.

Chuo kile kilivunjika mwaka 1970, na wengi husema siasa ndiyo iliyokiua. Kwa maoni yangu kamba ilianza kulegea mapema. Mwaka uleule wa 1963 Dar es Salaam ilianza kufundisha madaktari wake; Nairobi ikafuata mwaka 1967. Siwalaumu hata kidogo. Nchi changa yenye madaktari wa kuhesabika isingekaa kusubiri igawiwe nafasi kwa jirani. Chungu kilikuwa kidogo kuliko walaji, na mlaji asiyeshiba hujipikia.

Ndiyo maana mradi wa EASTRIP, ulioanza mwaka 2018 kwa fedha za Benki ya Dunia, naufuatilia kwa matumaini na kwa wasiwasi pia. Umeunganisha vyuo 16 vya ufundi vya Ethiopia, Kenya na Tanzania, kila kimoja na fani yake, kikiwa mwenyeji wa wanafunzi wa nchi jirani. Tawi la Mwanza la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam limepewa ngozi. Chuo cha Ufundi Arusha, kwa kampasi yake ya Kikuletwa, kimepewa nishati jadidifu. Kituo cha mafunzo cha KenGen, kampuni ya umeme ya Kenya, kimepewa jotoardhi.

Hapo kwenye jotoardhi niruhusuni nikae kidogo. Olkaria, kule Naivasha nchini Kenya, ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi mwaka 1981. Wachimbaji wake wanajua kushusha kisima kilomita mbili au tatu ardhini, na wanajua namna madini yaliyoyeyuka katika maji ya moto yanavyoganda ndani ya mabomba na kuyaziba. Maarifa hayo hayaandikiki ubaoni yakaeleweka. Mtu huyapata akiwa amevaa kofia ngumu, ubavuni mwa fundi aliyekwisha kukosea na kusahihisha. Bonde la Ufa limepita Ethiopia, Kenya na Tanzania kabla hatujachorewa mipaka. Kijana wa Mbeya, ambako joto hilo linatafutwa, ana kila sababu ya kujifunza Naivasha, na kulipa ada sawa na mwenyeji.

Lakini akishahitimu? Mwaka 2012 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi wao. Ni hatua kubwa, ila mwenye kufaidi ni mhandisi aliyesajiliwa. Fundi mchundo, ambaye mikono yake ndiyo inayoshika kazi, anabaki mlangoni. Tazameni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hivyo lazima yapashwe moto njia nzima yasigande. Kila ungio huchomelewa na kukaguliwa. Chuma hakibadiliki kikivuka mpaka pale Mutukula. Kwa nini cheti cha mchomeleaji kibadilike?

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo mlio hapa ni dogo, na linaweza kuanza muhula ujao. Mtihani wa mwisho wa uchomeleaji uwe mmoja kwa vyuo vyetu vyote. Mwanafunzi wa Tanga achomelee vipande viwili vya bomba, avipige namba bila jina, visafirishwe Mombasa au Kampala. Huko mwalimu asiyemjua mtoto wala nchi yake akikate kiungo kile kwa msumeno, akitazame ndani, aandike alama.