Lisanse Mkononi, Kaye Sokoni

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Butembo



Komite ilituomba tuseme juu ya vijana wetu wanaosoma biashara: wanajifunza nini, na kwa nini wengi wao wakimaliza wanabaki nyumbani. Tutasema wazi, na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Kundi la kwanza la wanafunzi ambalo tulisindikiza lilikuwa la watoto wa familia zilizorudi upande wa Oicha, Mbau na Eringeti. Wote walikuwa wanasoma jestyo, mwaka wa mwisho. Tulizunguka mjini, tukawatafutia staji katika biro mbalimbali, tukafurahi. Mwezi ukaisha. Kila mmoja akarudi na ateste yenye muhuri na pointi nzuri. Sisi tukaandika katika raporo kwamba vijana "wamepata ujuzi wa kazi".

Kisha tukakaa nao chini, tukawauliza: mlifanya nini kila siku? Mmoja alikuwa anapika chai na kununua inite za simu za mkubwa wake. Mwingine alipeleka karatasi kwenye fotokopi na kuzirudisha. Msichana mmoja akatuambia: "Siku zote thelathini sikushika risiti hata moja. Sanduku la makuta niliona tu wakati walikuwa wanalifunga." Raporo yetu ilikuwa ya uongo, hata kama hatukukusudia kudanganya mtu. Hatukuuliza zile biro zitawapa watoto kazi gani. Tulihesabu mihuri, hatukuhesabu kazi.

Tusije tukasema kwamba iniversite hazina maana. Butembo iko na Université Catholique du Graben tangu 1989. Beni iko na Université Chrétienne Bilingue du Congo tangu 2007, na pale kazi ya mikono na utumishi kwa jamii ni sehemu ya masomo. Shule hizi zimeendelea kufundisha katikati ya vita, na hata wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Wazazi waliuza mbuzi na shamba ili mtoto asome. Hilo si jambo dogo.

Lakini muda umepungua. Zamani mtoto alifanya gradua miaka 3, kisha lisanse miaka 2. Sasa katika mfumo wa LMD lisanse ni miaka 3. Mwenye kungojea mwezi wa mwisho ndipo ajue kazi inafanana namna gani, amechelewa. Na mtaa nao umebadilika. Wakati wa Ebola vijana wengi walipata kazi katika miradi, wakalipwa kwa dola. Ugonjwa ulipoisha, miradi ilifunga milango, na kazi zikaenda nayo. Mpaka leo kuna kijana mwenye lisanse ambaye anangojea mradi mwingine uje, wakati duka la mama yake linakufa mbele ya macho yake.

Njo maana mara ya pili tulibadilisha njia. Hatukutafuta biro tena. Tulimtuma mwanafunzi mmoja kwa mama mmoja wa chama hiki, anayeuza mawese sokoni. Mama huyu alirudi kwao, akapata mtaji mdogo wa kuanzia, na baada ya miezi michache mtaji ukaanza kuyeyuka. Yeye alisema: "Ninauza kila siku, lakini sioni faida inaenda wapi." Majirani walisema ameroga mtu vibaya. Wengine walisema anakula makuta ya chama.

Mwanafunzi alifika na kaye na kalamu. Tuwape hesabu kwa tarakimu rahisi, ili kila mtu aifuate. Tuseme bido ya litre 20 inanunuliwa franka 40.000. Mama anauza litre moja franka 2.300. Ishirini mara 2.300 ni 46.000. Katika kichwa chake faida ni 6.000, na kwa hiyo 6.000 ananunua chumvi, sabuni na dawa ya mtoto.

Sasa tuandike. Usafiri wa bido, 3.000. Kodi ya soko, 500. Kwa hiyo bido imemgharimu 43.500, si 40.000. Kisha katika kupima kwa chupa, mafuta mengine yanamwagika, na kiliya wa kila siku anaongezewa kidogo. Mwisho wa bido, litre moja imepotea. Na litre mbili zimeingia katika sufuria ya nyumbani. Litre zilizouzwa kweli ni 17. Mara 2.300, ni 39.100. Mama hakupata faida ya 6.000. Kwenye sanduku pamepungua 4.400, na juu ya hiyo amekwisha kutumia 6.000 ambazo hazikuwako.

Hakuna uchawi pale. Hakuna mwizi pale.

Na mwanafunzi naye alijifunza jambo. Darasani alijua kwa moyo kwamba katika hesabu za OHADA kuna hesabu ya 104, ya mwenye biashara, fasi ya kuandika kile anachochukua mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake. Aliijibu vizuri katika mtihani. Lakini siku ya kwanza sokoni aliona mama anachota mafuta kupeleka jikoni, na hakuandika kitu. Tulipomuuliza, akasema: "Nilifikiri ni chakula tu." Siku ya tatu njo alielewa kwamba ile sufuria ndiyo 104. Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumfundisha tena.

Hili ndilo neno letu la leo: ujuzi wa kazi unaingia pale ambapo makuta ya mtu wa kweli yanaweza kupotea mbele yako. Katika mtihani ukikosea, unapoteza pointi mbili. Kwa mama wa mawese ukikosea, watoto wake wanalala njaa. Kijana akishaonja uzito huo, anashika kalamu kwa namna nyingine.

Wazee wa Butembo walijua jambo hili kabla ya shule zote. Mtoto aliingizwa katika duka la mjomba, akaanza kwa kufagia. Kisha akapanga bidhaa, akauza, akatumwa Kasindi kupokea mzigo, akatumwa Kampala, na mwisho akapanda ndege ya Dubai au Guangzhou na makuta ya watu wengine mfukoni. Kila hatua ilikuwa na jaribu lake. Mji huu ulijengwa na mafunzo ya namna hiyo, na juu ya uaminifu, neno la mtu likitosha.

Lakini sisi wenye kurudi tunajua mahali uaminifu huo ulivunjika. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mwezi wa kumi 2014, watu wamekimbia mara mbili, mara tatu. Uliyemkopesha yuko Uganda, au hayuko tena duniani. Shahidi naye amehama. Deni ambalo halikuandikwa linazikwa pamoja na mdaiwa. Mwenye kubaki katika duka la mjomba anaweza kuendelea na neno la mdomo. Mwenye kurudi anahitaji karatasi.

Hapa tunajua mnachofikiri, kwa sababu wanachama wengi walituambia kando, sauti chini: "Karatasi ile ile inaweza kuniua." Hiyo si hofu ya bure. Kaye inayosema kwamba mtu fulani, mtaa fulani, iko na dola mia tano ndani ya nyumba, ikianguka katika mikono mibaya, usiku huo huo watu wanabisha mlango. Mwanafunzi akipiga picha ya kaye na kuitupa katika grupu ya WhatsApp juu ya kuonyesha kazi yake, amehatarisha roho ya mtu. Hakuna kitabu cha darasani tulichosoma ambacho kilitufundisha hilo.

Kwa hiyo tulikubaliana na wale wa kwanza sheria nne. Kaye haina jina la mwenye biashara wala la mtaa, iko na namba tu. Kaye inabaki kwa mwenye biashara, mwanafunzi haibebi njiani kati ya Beni na Butembo wala fasi ingine. Hakuna picha ya simu. Na katika memwari yake mwanafunzi anatumia hesabu za mfano, si za mama wa watu. Mwanafunzi anayevunja moja ya hizo anarudi nyumbani siku hiyo. Kutunza siri ya kazi nayo ni ujuzi wa kazi, tena wa kwanza.

Wengine wanaogopa kodi na wanafikiri hesabu ni mambo ya makampuni makubwa. Tuwatulize kidogo. Congo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na mfumo wake wa hesabu unakubali biashara ndogo kuandika kwa njia rahisi, inayoitwa Système minimal de trésorerie. Ni ya biashara ya kuuza na kununua ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki milioni 60 za franka CFA. Hiyo ni karibu dola laki moja, na hapa ndani hatumwoni wa kuzifikia. Njia yenyewe ni kuandika kilichoingia, kilichotoka, na mwisho wa mwaka kuhesabu bidhaa zilizobaki, madeni unayodai na madeni unayodaiwa. Kaye moja inatosha. Mwanafunzi anayeweza kumfundisha mama kuishika kwa Kiswahili au Kinande, bila neno moja la kumtisha, huyo amepasi.

Na chama chenyewe nacho ni darasa. Ninyi wa MUSO mko na masanduku matatu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la msiba na ugonjwa, na bluu la msaada unaotoka nje. Hesabu tatu tofauti, na hakuna ruhusa kuchukua katika jekundu ili kuziba shimo la kijani. Tunajua chama kimoja kilichofanya hivyo, kisha msiba ukaingia siku tatu baadaye. Watu walimzika maiti kwa deni, na wengi hawakurudi tena kwenye mkutano. Kijana akikaa miezi mitatu kando ya mwenye sanduku, akihesabu makuta mbele ya watu na kusoma jumla kwa sauti, atajua usimamizi wa fedha kuliko mwenye kukariri.

Sasa tunaomba mambo matatu, na mtayapigia kura leo alasiri.

Kwa wanachama: kila mtaa utoe biashara tano ambazo zitakubali mwanafunzi siku mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mmkaribishe kama mtoto wa nyumba, lakini mmwambie akikosea. Msimwonee huruma juu ya lisanse yake.

Kwa vijana: msije na tai na maneno ya Kifaransa. Fikeni saa soko linafunguliwa, si saa nne. Jifunzeni kupima, kupanga, kungoja, kumwambia kiliya "hapana, sikopeshi leo" bila kumpoteza. Hayo hayaandikwi katika ateste, lakini patro yeyote wa mji huu atayaona kwa siku moja.

Kwa marafiki wanaotusaidia: tunawashukuru kwa semina mlizolipia. Watu walikula vizuri na kusikiliza vizuri. Lakini kama kuna kuchagua, tunaomba makuta ya makaye, ya usafiri wa mwanafunzi, na ya mtu mmoja wa kupita kila wiki kuangalia hesabu. Katika raporo yetu hamtaona tena idadi ya ateste. Mtaona biashara ngapi bado zina mtaji wake baada ya miezi sita, na ngapi zimekufa. Tutawaandikia pia zile zilizokufa.

Mama wa mawese yuko hapa kati yetu, hatutamtaja. Amepandisha bei kidogo, anapima kwa kipimo kimoja, na mafuta ya jikoni anayaandika kama kila kiliya mwingine. Bado hajatajirika. Lakini wiki iliyopita alituambia faida yake ya bido mbele ya mwanafunzi wake, bila kufungua kaye, na hesabu ilikuwa sawa.